Kiriba Kilichokwisha

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 21:8–21, 1 Wafalme 19:1–8, Kutoka 15:22–27, Luka 13:10–17, 1 Samweli 30:9–15, Wagalatia 6:2–5.

Fungu la kukariri: Mwanzo 21:19. Lifungue katika Biblia yako, liandike kwa mkono wako kwenye daftari la lesoni, kisha lirudie kila asubuhi juma hili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kiongozi wa Watafuta Njia katika kanisa moja la pembezoni mwa Temeke. Mwezi wa Februari tulipanga kambi ya siku mbili huko Pugu, upande wa Kisarawe, karibu na msitu wa hifadhi. Gari lilikodiwa na kulipwa tangu Alhamisi. Kila mtoto alipewa orodha ya vitu vya kubeba: Biblia, shuka, sahani, kikombe, mkate, na dumu la lita 5 la maji ya kunywa, kwa sababu mahali pa kambi hapakuwa na bomba.

Ijumaa, kabla ya jua kuzama, tulikuwa tumefika. Nikahesabu watoto, nikahesabu mahema, nikahesabu madumu. Yote yalikuwepo. Sikufungua kifuniko cha dumu hata moja.

Sabato, baada ya ibada na chakula cha mchana, tulitoka kutembea vilimani, kila mtoto na maji yake mgongoni. Kijana mmoja wa miaka 13 alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Kila tulipopumzika na wenzake wakanywa, yeye alisema hana kiu. Tulipokuwa tunapanda kilima cha mwisho kabla ya barabara, aliketi chini, kisha akalala. Uso ulikuwa umepauka, jasho lake lilikuwa la baridi, akatapika, akasema kichwa kinamgonga. Tulifungua begi lake. Dumu lilikuwa limeviringishwa ndani ya khanga. Ndani yake kulikuwa na tone tu.

Juma hili tutajifunza juu ya maji ya safarini: yale tunayobeba mgongoni na yale ambayo Mungu hutuonyesha njiani. Tutaona kwamba kumtumaini Mungu hakumwondolei mtu kazi ya kujaza chupa yake, na kwamba chupa ya mwenzako nayo inakuhusu.

JUMAPILI
Kiriba kimoja, watu wawili

Soma Mwanzo 21:8–16. Ibrahimu aliwapa Hajiri na mwanawe nini kwa ajili ya safari? Linganisha na Mwanzo 13:2. Unaona nini?

Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akampa Hajiri, akamwekea begani. Kiriba ni ngozi ya mnyama iliyoshonwa ili kubeba maji. Ndiyo chupa ya msafiri wa zamani. Kilikuwa kimoja, na wasafiri walikuwa wawili. Ishmaeli hakuwa mtoto mchanga. Ukilinganisha Mwanzo 16:16 na 21:5 utaona kwamba alimzidi Isaka miaka 14. Alikuwa kijana mwenye mwili wa kutembea na kiu ya mtu mzima.

Biblia haituambii kwa nini mtu mwenye mifugo, fedha na dhahabu alitoa kiriba kimoja. Mungu alikuwa amemwambia Ibrahimu asikilize neno la Sara, naye akatii. Lakini hakuna mahali ambapo Mungu alimpimia kiasi cha maji. Hilo liliachwa mikononi mwa Ibrahimu. Ni mara ngapi nasi tumetii amri, kisha tukawa wachoyo katika mambo madogo ambayo amri haikuyataja!

Hajiri akapotea katika jangwa la Beer-sheba, na maji yakaisha. Sasa soma Mwanzo 21:25. Katika sura hiyo hiyo Ibrahimu anamlalamikia Abimeleki juu ya kisima kilichonyang'anywa na watumishi wake, katika nchi hiyo hiyo. Visima vilikuwepo. Watu waligombana kwa ajili yavyo. Lakini mwanamke aliyefukuzwa, asiyejua njia, alimlaza mwanawe chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalielewa fungu hili bila mhubiri. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, DAWASA ilitangaza mgawo wa maji, na mitaa mizima ikakaa siku nyingi ikitazama mabomba makavu. Mji haukukosa maji kabisa. Mwenye tangi kubwa alikuwa na akiba, na mwenye fedha aliita boza. Mama mwenye ndoo mbili alipanga foleni usiku. Kiu, tangu siku za Hajiri, haiwapati watu wote kwa kiasi kimoja.

Je, kuna mtu ambaye umempa "kiriba kimoja" huku ukijua kwamba safari yake ni ndefu? Umeiombea safari yake, lakini je, umeipima?

JUMATATU
Safari iliyomzidi Eliya

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Malaika alimpa Eliya nini kabla ya kumwambia neno lolote juu ya kazi yake?

Eliya naye alipita Beer-sheba. Akamwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, peke yake. Hatusomi kwamba alibeba maji. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mara nyingi tumehubiri juu ya kukata tamaa kwa Eliya kama jambo la roho tu. Lakini tazama jinsi Mungu alivyomtibu. Alimpa usingizi. Kisha mkate uliookwa na gudulia la maji kichwani pake. Kisha usingizi tena. Kisha mkate na maji mara ya pili, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hakukemewa kwanza. Alinyweshwa kwanza.

Mungu aliyeumba mwili anaujua. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Tunapotembea juani mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hilo hutoka na chumvi. Maji yakipungua, damu huwa nzito, moyo hupiga haraka, kichwa huuma, misuli hukaza, na mtu huanza kukosea maamuzi. Huyo ndiye mtu anayesema, "Niko sawa, twendeni."

Kiu ni shahidi anayekuja akiwa amechelewa. Unapoisikia, mwili umekwisha kupungukiwa. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hunywa kabla ya kiu: kikombe kimoja au viwili kabla ya kuondoka, kisha mikupuo michache kila baada ya robo saa. Kwa mwendo wa kawaida mtu mzima huhitaji takribani nusu lita kwa saa. Katika joto la Februari la pwani yetu, linalopita nyuzi 30, na mzigo ukiwa mgongoni, huweza kuhitaji hadi lita nzima. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji ndiyo mzigo mzito kuliko yote, na ndiyo mzigo ambao watu hushawishika kuupunguza. Yaweke katikati ya begi, karibu na uti wa mgongo, na chupa ndogo iwe pembeni unapoweza kuifikia bila kusimama. Chupa iliyozikwa chini ya shuka hainywewi.

Mkojo wa rangi ya majani makavu hafifu ni habari njema. Ukiwa wa rangi ya chai, simama, kaa kivulini, unywe. Wala usinywe maji matupu mengi kwa mfululizo kutwa nzima bila kula kitu, kwa maana chumvi ya damu huweza kushuka, na hiyo nayo ni hatari. Karanga zenye chumvi, ndizi, mkate na madafu vina kazi yake njiani. Malaika hakumletea Eliya maji peke yake. Alimletea na mkate.

Kuna ndugu wanaodhani kwamba kuvumilia kiu ni ushujaa wa kiroho. Nami niliwahi kuwaambia watoto "watunze maji" mpaka kileleni. Nilidhani nafundisha kiasi. Chupa iliyojaa begini haimsaidii aliyeanguka.

Je, maisha yako ya maombi yanafanana na nini: mikupuo ya kila saa, au gudulia linalotafutwa baada ya kuanguka?

JUMANNE
Mara, Elimu, na maji ya mwisho

Soma Kutoka 15:22–27. Israeli walitembea siku ngapi bila maji? Walipoyapata, kwa nini hawakuweza kuyanywa?

Siku tatu katika jangwa la Shuri, kisha maji, kisha maji hayanyweki. Mara inatufundisha jambo ambalo kila msafiri hujifunza, wakati mwingine kwa gharama kubwa: kuona maji hakutoshi. Huko Pugu tulikokuwa, ndiko Mto Msimbazi unakoanzia safari yake kwenda baharini. Vijito vya vilimani hupendeza macho. Mto huo huo ukifika katikati ya mji umekwisha kubeba taka za watu wengi. Lakini hata kijito kinachong'aa juu mlimani huweza kuwa na vijidudu ambavyo jicho halivioni, na mji wetu unakifahamu kipindupindu kwa karibu. Maji ya njiani yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, na kwenye milima mirefu dakika tatu. Au yatiwe dawa ya maji kama maelezo ya paketi yanavyoagiza, na yasubiriwe muda uliotajwa. Na dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya kilimo lisibebe maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba.

Mungu alimwonyesha Musa mti, naye akautupa majini. Mungu hakuwaambia watu wayanywe hivyo hivyo kwa imani. Katika simulizi hili imani ilifanya kazi kwa mikono: kuutafuta mti, kuutwaa, kuutupa.

Baada ya Mara walifika Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Elimu ilikuwepo wakati wote walipokuwa wakinung'unika Mara, ila hawakuwa na ramani. Aliyewaongoza alijua.

Waulize vijana wetu waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Baada ya kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, njia huelekea Kibo, mita zipatazo 4,700. Katikati kuna mahali panapojulikana kama maji ya mwisho. Kutoka hapo kwenda juu hakuna kijito cha kuteka. Kibo ni pakavu, na maji ya kupikia na kunywa hupanda kwa mabega ya wapagazi. Wapandaji huambiwa wanywe lita 3 au 4 kwa siku, kwa maana hewa kavu ya juu hunyonya maji mwilini hata kama mtu haoni jasho. Usiku wa kwenda kileleni, mita 5,895, chupa iliyoachwa nje ya begi huganda. Wazoefu huivika soksi na kuigeuza kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu. Mwongozaji mzuri halali kabla ya kujua kila chupa ina nini.

Tambua kwamba mpandaji anayefika Kibo akiwa hai anakunywa maji yaliyobebwa na mtu mwingine. Jina la mpagazi huyo halimo kwenye cheti cha kileleni.

Katika safari yako ya wokovu, ni nani waliokubebea maji mpaka ukafika ulipo? Taja mmoja mbele ya darasa, na umshukuru Mungu kwa ajili yake.

JUMATANO
Ng'ombe, punda, na mtoto wa jirani

Soma Luka 13:10–17. Yesu alitumia mfano gani kumjibu mkuu wa sinagogi? Kwa nini mfano huo ulihusu maji?

Turudi kwa yule kijana wa miaka 13. Tulimbeba hadi barabarani. Chupa yangu ilikuwa tupu, na waliokuwa na maji kidogo walikuwa wametangulia mbali. Mbele yetu palikuwa na kibanda cha duka, na ndani yake chupa za maji zikitoa jasho la ubaridi. Mfukoni nilikuwa na fedha. Nikasimama.

Naandika jambo hili kwa aibu. Nilisimama kwa sababu ilikuwa Sabato. Watoto walikuwa wakinitazama, na mimi ndiye niliyewafundisha kwamba siku hiyo hatununui wala hatuuzi, kwamba kazi hiyo huisha siku ya Maandalio. Sijui nilisimama kwa muda gani. Huenda haikufika dakika moja. Kwa kijana aliyelala kwenye majani ilikuwa ndefu.

Ndipo sauti ikatoka ua wa pili: "Mwanangu, mtoto ana nini?"

Alikuwa bibi mzee, amejifunga khanga, jirani yetu Mwislamu. Sikumjibu vizuri, nilisahau hata kumwamkia. Yeye hakungoja. Alielekeza kijana alazwe chini ya mwembe wake, akaleta maji ya mtungi katika jagi, akalowesha kitambaa akakiweka shingoni na makwapani. Akamnywesha kidogo kidogo, si kwa pupa. Kisha akakoroga sukari na chembe ya chumvi katika maji, kama wanavyofanya akina mama wenye watoto wanaoharisha. Baada ya saa moja kijana alikaa. Nilipotaka kumshukuru bibi alisema tu, "Maji hanyimwi mtu, mwanangu."

Siku ile nilirudi kambini nikafungua Luka 13. Mkuu wa sinagogi alikuwa na siku sita za kuponya. Yesu akamwuliza juu ya ng'ombe na punda: nani kati yenu hamfungui zizini siku ya Sabato akamwongoza kwenda kumnywesha? Alichagua kiu ya mnyama, jambo ambalo kila mtu aliyekuwepo alilifanya asubuhi ile bila kuuliza mwalimu. Ikiwa kiu ya punda haingoji jua lizame, itangoja kiu ya mtoto?

Tusichukue fungu hili kama ruhusa ya uzembe. Ijumaa ilikuwepo. Dumu lingefunguliwa siku ya Maandalio, Sabato isingekuwa na jaribu hilo. Aliyeshindwa kujiandaa asijifiche nyuma ya neno "dharura" kila juma. Lakini dharura ikija, kuokoa uhai ni kuitunza Sabato, wala si kuivunja. Mbele za Mungu nilikuwa na makosa mawili: Ijumaa sikufungua dumu, na Sabato sikufungua mkono.

Hajiri, aliyelia katika jangwa la Beer-sheba, majirani zetu Waislamu nao wanamkumbuka, na huko Makka mahujaji hunywa maji ya Zamzam wakikumbuka kiu ya mwanawe. Huenda yule bibi aliifahamu hadithi hiyo tangu utotoni. Mimi niliihubiri. Yeye aliitenda.

Soma tena Mwanzo 21:17. Malaika alimwuliza Hajiri swali gani? Ni lini mara ya mwisho ulimwuliza mtu swali hilo, ukangoja jibu?

ALHAMISI
Chupa ya pili

Soma 1 Samweli 30:9–15. Daudi na watu wake walimfanyia nini Mmisri waliyemkuta kondeni? Walikuwa katika haraka gani?

Siklagi ilikuwa imechomwa moto, wake na watoto wametekwa. Watu 200 kati ya 600 walikuwa wamechoka, wameachwa kwenye kijito cha Besori. Kila saa ilikuwa na thamani. Hata hivyo walimkuta mgeni ambaye hakuwa amekula mkate wala kunywa maji siku tatu, mchana na usiku. Bwana wake alimwacha kwa sababu aliugua. Wakampa mkate, wakampa maji, wakampa kipande cha mkate wa tini na vichala vya zabibu kavu: maji pamoja na sukari ya matunda, kama ambavyo tungefanya leo. Roho yake ikamrudia. Na mtu huyo aliyekuwa mzigo ndiye aliyewaonyesha njia.

Jumapili baada ya kambi nilimpeleka kijana wetu kwao, Mbagala. Mama yake alinipokea vizuri, akasikiliza habari yote, akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba Ijumaa asubuhi alilijaza lile dumu mwenyewe, lita zote 5, mpaka shingoni. Bomba la mtaa wao lilikuwa limekauka juma zima. Kisima cha karibu ni cha maji ya chumvi, ya kufulia. Ya kunywa waliyanunua kwa dumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Mama alipotoka kwenda genge lake, mtoto aliyarudisha maji katika ndoo ya nyumbani, kwa ajili ya wadogo zake wawili. Akajiachia lita moja. Dumu akaliviringisha khanga ili tusione.

Mtoto huyo hakuwa mzembe, wala hakukosa imani. Alibeba kiu yake kimya ili wengine wanywe. Swali lililonichoma ni hili: kwa nini hakutuambia? Nikarudia orodha niliyoiandika mwenyewe: "Kila mmoja aje na maji yake." Hapakuwa na mstari wa kusema, "Asiye nayo, tumejaza kanisani."

Soma Wagalatia 6:2 na 6:5. Paulo anaagiza mambo gani mawili yanayoonekana kupingana?

Tubebeane mizigo, na kila mtu ataubeba wake. Mstari wa tano bila wa pili huzaa makanisa ya watu wanaohesabu madumu bila kuyafungua. Mstari wa pili bila wa tano huzaa watu wanaokuja kambini mikono mitupu, wakitegemea wengine. Msafiri Mkristo huzishika zote mbili: hujaza chupa yake, kisha hujaza ya pili.

Tangu mwaka ule, Watafuta Njia wa kanisa letu hufanya mambo matatu. Ijumaa, kabla ya kupanda gari, kila kifuniko hufunguliwa mbele ya kiongozi, naye huongeza palipopungua bila kuuliza sababu. Maji ya kuongezea huchemshwa kanisani tangu Alhamisi na akina mama na akina baba kwa zamu. Na kila mtu mzima hubeba chupa ya pili ambayo si yake. Hairuhusiwi kuionja mpaka msafiri wa mwisho afike. Ndani ya sanduku la huduma ya kwanza tunaweka pakiti za ORS. Zisipokuwepo, tunajua kipimo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Na mtu akichanganyikiwa, akizirai, au mwili wake ukawa wa moto sana, hatungoji. Tunampoza tukiwa njiani kwenda hospitali, wala hatumnyweshi kwa nguvu asiyeweza kumeza.

Chupa ya pili huuma mabega. Kilo moja ni kilo moja. Lakini Yesu aliahidi kwamba hata kikombe cha maji baridi hakitapotea thawabu yake (Mathayo 10:42), na hakusema kikombe hicho kitakuwa chepesi.

Katika kanisa lenu, ni hitaji gani ambalo mtu analiviringisha khanga ili msilione? Mtafanya nini ili aweze kulisema, au asilazimike kulisema?

IJUMAA
Jifunze zaidi

Soma sura za kitabu cha Ellen White Wazee na Manabii zinazohusu maisha ya Ibrahimu, na katika Huduma ya Uponyaji, kitabu cha mwaka 1905, tazama jinsi maji yanavyowekwa pamoja na hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe bora na kumtumaini Mungu. Angalia kwamba kumtumaini Mungu kumo katika orodha hiyo moja na maji. Havishindani.

Rudia Mwanzo 21:17–19. Mungu alisikia sauti ya kijana, ingawa simulizi linamtaja mama ndiye aliyeinua sauti akalia. Kijana aliyenyamaza chini ya kichaka alisikiwa. Kisha Mungu akamfumbua Hajiri macho, naye akaona kisima. Hatusomi kwamba kisima kiliumbwa dakika ile. Tunasoma kwamba macho yalifumbuliwa. Na Hajiri alipokiona hakukimbilia kunywa kwanza. Alikwenda akakijaza kile kiriba, akamnywesha kijana. Kiriba kilichotoka kwa Ibrahimu kikiwa hakitoshi, kikatumika tena kwa maji ya Mungu.

Ndivyo ilivyo neema. Haitupi kiriba chetu, inakijaza. Yeye aliyesema "naona kiu" kwa wokovu wetu msalabani (Yohana 19:28) anaijua kiu ya kila mtoto wa Mbagala, wa Tandale na wa Gongo la Mboto. Huenda njia atakayotumia kuijibu ni chupa iliyo begini mwako.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu akisema, "Mungu atatupa maji njiani, hakuna haja ya kubeba," utamjibuje kutoka katika Biblia? Na anayesema, "Nimebeba yangu, yaliyobaki hayanihusu," utamjibuje?

2. Je, ungefanya nini mbele ya kile kibanda cha duka siku ya Sabato? Jadilini bila kuhukumiana, mkitumia Luka 13:15. Kisha jadilini nini kingefanyika Ijumaa ili swali lisizuke.

3. Msaada ulitoka kwa jirani wa imani nyingine. Hilo linatufundisha nini juu ya jinsi Mungu anavyofanya kazi katika mitaa yetu? Darasa lenu linaweza kumrudishia nini jirani kama huyo?

4. Maji yanapokatika katika mtaa wenu, ni nani anayekosa kwanza? Je, kanisa lina kisima, tangi au bomba ambalo milango yake hufungwa baada ya ibada? Pangeni hatua moja ya kuchukua kabla ya Sabato ijayo, na mwandike jina la atakayeisimamia.

5. Kabla ya matembezi au kambi ijayo ya vijana wenu, nani atafungua vifuniko?